Barua za Kuomba Kazi ya Uvuvi: Kwa Nini Zilikataliwa?

Ndugu msomaji, leo tunajifunza barua ya kuomba kazi. Kusoma unajua, kuandika unajua, na cheti cha kisomo unacho ndani ya sanduku. Lakini je, barua yako ikifika mezani kwa mtu asiyekujua, itamwambia nini? Tutajifunza kwa barua ambazo sisi wenyewe tulizishika mkononi. Majina ya walioziandika tumeyaacha, maana baadhi yao ni wanafunzi wetu, na wengine tunakutana nao kila siku ya gulio.

Mwaka 2023 walikuja watu wa televisheni katika mwalo mmoja wa Ziwa Victoria, huku upande wa Tanzania. Walitaka kutengeneza kipindi cha uvuvi. Kipindi cha namna hiyo si picha za samaki tu. Kamera inakwenda ziwani usiku pamoja na wavuvi, inarudi nao alfajiri, na wanaofanya kazi mbele ya kamera ni watu wa mwalo wenyewe. Kwa hiyo walitaka watu 6: wawili wa kuendesha mtumbwi wa injini, mmoja wa kutega na kuvuta nyavu, mpishi mmoja, mlinzi wa vifaa mmoja, na msimulizi mmoja. Msimulizi ni mtu wa kueleza kazi za mwalo kwa maneno yake mwenyewe. Kazi ilikuwa ya wiki tatu, na malipo kwa siku. Tangazo lilibandikwa kwenye mti, pale penye mizani ya samaki: leteni barua, mwisho Ijumaa.

Zikaja barua 43.

Walioketi kuzichagua walikuwa wanne. Wa kwanza ni mama mwongozaji wa kipindi, kijana bado, lakini mwenye kauli. Wa pili ni mtendaji wa kijiji, ambaye alishika daftari. Wa tatu ni nahodha mzee, mwenye mtumbwi utakaopanda kamera. Na sisi wa elimu ya watu wazima tuliitwa tuzisome kwa sauti, kwa sababu miwani ya nahodha ilikuwa imevunjika mguu mmoja na alikuwa hapendi kuishika kwa mkono mbele ya watu. Kabla hatujaanza alisema, “Wanangu, someni zote. Ila neno la mwisho ni langu. Chombo ni changu, na mtu akifa maji humo, maiti ni yangu pia.”

Walikubaliana kwamba kila barua itakayokataliwa iandikiwe sababu daftarini. Ndizo sababu tunazotaka kukuonyesha.

Barua ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu. Mwandishi alitusalimu sisi, akawasalimu wake zetu, watoto wetu, na wagonjwa wote walioko kwetu. Akatueleza kwamba kwao mvua zimechelewa ila mihogo si mibaya. Akatueleza habari za ng'ombe aliyepotea na jinsi alivyopatikana. Mwisho kabisa aliandika: “Nisiwachoshe, karatasi imekwisha, nawatakia kazi njema.” Tuligeuza ukurasa kutafuta anaomba kazi gani. Hakuna. Mtendaji akauliza, aandike nini? Nahodha akajibu, “Andika: amesalimu, hakuomba.”

Tulicheka, lakini kosa hili ni la watu wengi. Sisi tumelelewa hivyo. Mtu haingii nyumbani kwa watu akaanza kudai, kwanza anasalimu, anakaa, anauliza hali. Kwa barua ya ndugu au rafiki, desturi hiyo ni nzuri. Barua ya kazi ni tofauti. Anayeisoma ana barua nyingine 42 mbele yake na chai yake inapoa. Msalimie kwa mstari mmoja, kisha mwambie shida yako.

Barua nyingine ilianza vizuri sana. “Mimi nawajua samaki wote wa ziwa hili kwa majina na kwa ladha.” Akaeleza kwamba sato apikwe na nyanya chache, asizidishiwe moto. Akaeleza kichwa cha sangara kina nyama sehemu gani, na kwamba wajinga humtupa furu kumbe ndiye mtamu. Nahodha akaguna. “Huyu ni mlaji. Tukimpandisha chomboni, kamera haitakuta samaki wa kupiga picha.” Mama mwongozaji akasema, basi tumpe kazi ya upishi. Tukasoma hadi mwisho. Chini alikuwa ameandika: “Angalizo: kazi ya jikoni siijui, kwetu anapika mke wangu.” Sababu iliyoandikwa: anajua kula tu.

Wa tatu alitaka kazi, lakini si siku zote. Usiku hawezi, kuna baridi. Mchana jua linamuumiza kichwa. Upepo ukivuma asiitwe. Ijumaa anakwenda msikitini, Jumamosi ni gulio, Jumapili anawatembelea wakwe, Jumatatu na Jumanne analima. Nahodha alihesabu kwa vidole. “Amebakiza Jumatano na Alhamisi asubuhi, kama hakuna upepo.”

Kijana mmoja alieleza kwamba yeye ameshaona kipindi cha uvuvi cha Marekani na sasa anaijua kazi yote. Kipindi hicho kipo kweli. Kinaitwa Deadliest Catch, na kilianza kuonyeshwa mwaka 2005. Kinaonyesha watu wanaovua kaa katika Bahari ya Bering, karibu na jimbo la Alaska. Huko ni baridi kali, mawimbi yanaganda juu ya chombo yakawa barafu, na watu wanaipasua kwa nyundo ili chombo kisielemewe na uzito. Mitego yao ni ya chuma, mmoja una uzito wa kilo 300 hivi. Kijana aliandika kwamba anaweza kupasua barafu na kunyanyua mtego kwa mashine.

“Barafu,” alisema nahodha, akatazama nje jua lilivyowaka. Kisha akauliza, “Na hao kaa wao bado wapo?” Mama mwongozaji akamwambia kwamba mwezi wa Oktoba 2022 serikali ya huko ilifunga kwa msimu huo uvuvi wa aina mbili za kaa, kwa sababu walikuwa wamepungua mno. Vyombo vikabaki vimefungwa bandarini, na watu wakawa wanadaiwa madeni ya vyombo. Nahodha alitikisa kichwa. “Kumbe hata wenye mashine.” Sababu ya kumkataa kijana iliandikwa hivi: ziwa letu haligandi.

Lakini swali lile la nahodha tulilikumbuka tulipofika barua ya 17. Hiyo ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko safi, yenye anwani, tarehe na sahihi. Mwombaji alisema: “Nitakuja na vifaa vyangu ili kuwapunguzia gharama. Ninalo kokoro moja refu, na timba mbili mpya ambazo nimezificha kwa shemeji.” Tuliposoma neno “kokoro” mtendaji aliinua kichwa. Tuliposoma “nimezificha” alitoa kalamu nyingine kabisa, ya wino mwekundu. “Jina lake ni nani? Lisome polepole.”

Msomaji wa nchi kavu labda hajui. Kokoro ni wavu unaokokotwa kutoka majini hadi ufukweni. Unapita kwenye maji mafupi, na huko ndiko sato anakotaga na kulea. Ukilivuta unaleta mama, unaleta watoto, unaleta na majani waliyojificha. Timba ni nyavu za uzi mmoja wa plastiki, mwembamba kama wa kamba ya ndoano. Ukipotea ziwani hauozi, unaendelea kuua samaki ambao hakuna mtu atakayewala. Zote mbili zimekatazwa. Tunayo Sheria ya Uvuvi namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Kanuni hizo ndizo zinazokataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na wavu wa dagaa katika Ziwa Victoria usiwe na matundu yaliyo chini ya milimita 8. Pima kidole chako cha mwisho, ukucha wake tu. Tundu la milimita 8 ni dogo kuliko huo ukucha kwa watu wengi, na bado kuna wanaotaka dogo zaidi.

Sababu aliyoandika mtendaji: amejishtaki mwenyewe. Barua hiyo hakuirudisha kwenye fungu. Aliikunja akaitia mfukoni. Sisi hatukuuliza iliishia wapi. Wiki ya pili tulisikia kwamba shemeji anatafuta mahali pengine pa kuweka magunia yake.

Zilizofuata tulizipitisha haraka. Mmoja alisema aliwahi kumvua sangara wa kilo 300 kwa ndoano moja, akiwa peke yake, usiku, na tochi mdomoni. Sangara mkubwa kabisa hufika kilo 200 hivi, na huyo ni wa nadra. Nahodha alisema samaki huyo ndiye angemvua mvuvi. Mama mwongozaji alimsikitikia kidogo, maana watu wa televisheni wanapenda msemaji, lakini alikubali kwamba mtumbwi hauna nafasi ya watu wawili, yeye na huyo samaki wake. Mwingine aliomba alipwe kwa mabondo badala ya fedha. Bondo ni kile kifuko cha hewa tumboni mwa sangara, na kinauzwa bei kubwa kuliko nyama yake. Alikuwa na akili huyu, tena nyingi, na ndiyo maana alikataliwa. Mwingine alibandika picha ya harusi yenye watu saba, hakuweka alama juu ya kichwa chake. Mtendaji aliigeuza-geuza. “Tuajiri bibi harusi?”

Kisha kulikuwa na barua ambayo kila mtu aliipenda. Mwombaji alieleza kwamba amefanya kazi ya injini miaka 9, anajua kusafisha plagi zikiloa, anajua kufunga tangi lisivuje, na kwamba anaweza kurudi ufukweni kwa kasia injini ikifa. Maneno machache, yote ya kazi. Nahodha alisema, “Huyu, mleteni.” Tukatafuta jina. Palikuwa na sahihi tu, na sahihi yenyewe ilikuwa kama mjusi aliyeanguka kwenye wino akajikokota hadi ukingoni. Hakuna jina chini yake, hakuna kitongoji, hakuna namba ya simu. Tuliuliza mwalo mzima kwa siku mbili. Hakutokea mtu. Huenda alikuwa amekaa nyumbani anasubiri aitwe, na huenda mpaka leo anasema kazi hupewa wenye ndugu. Kazi yake ikapewa mwingine, ambaye si fundi kama yeye.

Na barua moja hatukuicheka. Kijana aliomba kupanda mtumbwini. Aliandika: “Siogopi maji kabisa, kwa sababu sijawahi kuyaingia.” Mama mwongozaji alianza kucheka, akaona nahodha amenyamaza, naye akanyamaza. Mzee alikaa kimya mpaka tukadhani amesinzia. Halafu akasema yeye amewahi kurudi alfajiri na watu pungufu ya aliotoka nao, na kwamba mmoja wao alikuwa mvulana aliyedanganya kwamba anajua kuogelea ili apate siku.

Ziwa hili ni kubwa, karibu kilomita za mraba 69,000, lakini halikungoji ufike katikati. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, wakafa mamia. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Waliokuwa gatini waliwaona kwa macho. Nahodha alituambia tuandike sababu hii kwa herufi kubwa: HAJUI KUOGELEA. Kisha akamwagiza mtendaji amtafute kijana huyo, ampe kazi ya kulinda vifaa nchi kavu, na kwamba jioni yeye mwenyewe atamfundisha kuogelea pale penye maji ya kiunoni. Kijana aliandika ukweli, na ukweli huo ulimpa kazi, ingawa si ile aliyoiomba. Mama mwongozaji naye siku hiyo hiyo aliagiza jaketi za kuokolea za watu wote watakaopanda, hata wale walioapa kwamba wanaogelea kama mamba.

Mpaka hapo, ndugu msomaji, sisi tulikuwa tunasoma kwa raha, kwa sauti ya darasani. Sasa tunafika kwenye barua ambazo tulitaka kuziacha tusizieleze hapa.

Tulifungua moja ikasema: “Mimi nina umri wa miaka 28. Ninaomba kazi ya ulinzi wa ghala la pamba. Mimi ni mchapa kazi na mwaminifu.” Watu wakacheka. Ghala la pamba, mwaloni! Tukafungua ya pili: miaka 28, ulinzi wa ghala la pamba, mchapa kazi na mwaminifu. Wakacheka zaidi. Ya tatu ilipokuwa hivyo hivyo, mama mwongozaji alituangalia sisi. Ya nne hakuna aliyecheka. Ya tano tuliisoma kimoyomoyo tukaiweka chini.

Zilikuwa 11.

“Mwalimu,” akasema nahodha, “hawa ni watoto wako?”

“Ndiyo, mzee.”

“Wamezaliwa siku moja wote.”

Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumefundisha somo la barua ya kuomba kazi. Tuliandika mfano ubaoni. Mfano wenyewe tuliutoa katika daftari letu la chuo cha ualimu, ndiyo maana ulikuwa na ghala la pamba. Tukawaambia wanakisomo: nakilini. Wakanakili kwa bidii. Tukapita katikati ya madawati tukisahihisha herufi kubwa na nukta. Wote walipata vema. Tulirudi nyumbani tumeridhika.

Katika barua hizo 11 moja ilikuwa ya mama mmoja ambaye nahodha alilijua jina lake. Akaishika ile karatasi mbali na macho yake. “Miaka 28? Huyu mama alinipa uji mimi nilipokuwa kijana mdogo naanza kuvuta nyavu. Mimi sasa nina wajukuu.”

Mtendaji aliuliza aandike sababu gani. Tulimwambia: kosa la mwalimu. Aliandika. Imo daftarini mara 11, moja chini ya nyingine.

Chuoni tulisomeshwa habari za mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Mwanza mwaka 1968, ambao UNESCO ilisaidia. Watu walijifunza kusoma kwa vitabu vya kazi zao wenyewe: wa pamba kwa pamba, wa migomba kwa migomba, wavuvi kwa uvuvi. Tuliulizwa habari hizo katika mtihani na tulijibu vizuri.

Jumatatu jioni tulikwenda darasani tukawaeleza yaliyotokea. Yule mama alisimama. “Mwalimu, wewe ulisema nakilini. Tumenakili. Kosa langu liko wapi? Uliandika miaka 28, mimi nikajua ndiyo serikali inayoitaka. Ningeandika yangu si wangenikataa?” Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulifuta ubao. Tukaandika swali moja tu: Katika kazi yako, unajua nini ambacho mtu wa mjini hajui? Tukatoka nje, tukawaacha wajibu wenyewe. Nje kulikuwa na mbu, lakini tulikaa hapo hapo, maana tungeingia wangetuuliza tahajia.

Nafasi ya msimulizi ilikuwa bado haijapata mtu. Kesho yake tulipeleka mezani karatasi ya yule mama. Alituruhusu tuiweke hapa. Tumesahihisha herufi mbili tu.

“Mimi nina miaka 61 au 62. Mama yangu alisema nilizaliwa mwaka wa zile mvua kubwa za Uhuru, ziwa lilipopanda. Naomba kazi ya kusimulia. Dagaa nimewaanika miaka 30. Ukiwaanika mchangani wanashika mchanga, na mnunuzi anaujua mchanga kwa meno. Kichanjani upepo unapita juu na chini, wanakauka siku moja kama jua lipo, na bei inapanda. Wingu likitokea upande wa ziwa sisi hatungoji tone, tunakimbia kufunika. Dagaa aliyenyeshewa ni wa kuku. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi haitoki, maana taa haiwadanganyi dagaa kukiwa na mwanga wa mbalamwezi. Siku hizo mtu asiye na akiba anakopa, na anayekopesha ni yule yule anayenunua dagaa, basi giza likirudi bei anapanga yeye. Hilo nitalisimulia mkitaka. Kuogelea sijui, kwa hiyo mtumbwini sipandi. Nitasimulia nikiwa ufukweni.”

Tulipomaliza kusoma, mama mwongozaji aliomba tusome tena ile sehemu ya anayekopesha. Amekuja mwaloni kupiga picha za samaki, na katika barua zote 43 hakuna aliyekuwa amemwambia hilo. Nahodha alisema, “Mchukueni. Huyu anasema na asichokijua.” Kazi akapata. Ukiona kipindi hicho, ni yule mama mwenye kitenge cha kijani aliyesimama kando ya vichanja, anayemwambia mpiga picha asogee asimkanyagie dagaa.

Wengine 10 hawakupata. Nafasi zilikuwa zimekwisha siku ile ya Ijumaa. Kati yao kuna baba mmoja ambaye ni fundi wa kushona nyavu, hakuna wa kumfikia katika mwalo ule. Kazi ya nyavu ilipewa mtu anayeomba msaada kwake kila wavu ukichanika. Tulikwenda kumwomba radhi. Aliendelea kushona, hakutuangalia. “Mwalimu, mimi nilikuwa na mikono yangu. Wewe ukanipa ghala la pamba.” Bado anakuja darasani, lakini anakaa nyuma, na salamu yake kwetu ni fupi.

Msomaji, katika kurasa kama hizi kwa kawaida tunaweka mfano wa barua ili uunakili. Safari hii hatuweki. Tunakupa maswali, nawe barua yako uijenge kwa majibu yako.

Juu kulia: unakaa wapi? Andika jina lako, kijiji na kitongoji, namba ya simu, hata kama ni ya jirani, na chini yake tarehe. Kushoto: unamwandikia nani? Taja cheo chake na mahali alipo. Katikati, baada ya YAH: unaomba kazi gani? Itaje kwa jina lililo kwenye tangazo, usitaje nyingine. Kisha mwili wa barua. Hapa ndipo watu wengi wanapoandika “mchapa kazi na mwaminifu”. Maneno hayo hata mwizi huyaandika. Badala yake jibu: kazi hii umeifanya wapi, miaka mingapi, kwa mikono ipi? Unajua nini ambacho aliyekaa mezani hajui? Ni kitu gani hukiwezi, ambacho akikigundua baadaye mtakosana? Mwisho weka sahihi yako, na chini ya sahihi andika jina lako lote kwa herufi za kusomeka. Kama utabandika picha, uwe peke yako.

Ukimaliza mpe jirani aisome kwa sauti. Akisema “hii ingeweza kuwa ya mtu yeyote”, iandike upya.

MAZOEZI

1. Fundi wa injini alikuwa anafaa kuliko wote. Kwa nini hakuajiriwa? Katika kikundi chenu, nani amewahi kukosa jambo kwa sababu hiyo?

2. Yule mwenye kokoro alitaka kusaidia. Zungumzeni: je, alijua kwamba ni kosa? Kama alijua, kwa nini aliandika? Na kwa nini watu wanaendelea kulitumia kokoro hali wanaona sato wanapungua?

3. Msimulizi alisema anayekopesha ndiye anayenunua. Katika kijiji chenu, mazao yapi yanauzwa kwa namna hiyo? Andikeni bei ya msimu wa dhiki na bei ya msimu mzuri, mzilinganishe.

4. Wanakisomo 11 walinakili kama walivyoambiwa. Mngekuwa ninyi, mngemwambia nini mwalimu?

5. Andika barua ya kuomba kazi unayoiweza kweli, isiyozidi ukurasa mmoja. Usiandike kwamba una miaka 28, isipokuwa kama unayo.